Njia za Maji za Ukambani

Likizo ya shule inapokaribia, nyumba nyingi za pwani huwa na swali moja: watoto watapelekwa wapi? Wako waendao Lamu kwa jamaa, wako wanaovuka mpaka kwenda Tanga au Unguja, na wako ambao kwa uzito wa maisha huamua kuwa likizo itakuwa ya kuhifadhi juzuu na kucheza uani, na hilo nalo ni jema. Watoto wetu watatu, mwaka huu, walikuwa wamekwisha kujichagulia. Ami yao anayefanya kazi Uholanzi aliwapelekea picha za Amsterdam, mji ambao mitaa yake ya kale imezungushiwa mifereji iliyochimbwa katika karne ya 17, na ambao tangu 2010 mifereji hiyo imeorodheshwa katika urithi wa dunia. Waliona mashua zikipita mbele ya milango ya watu kama vile sisi tuonavyo tuktuk, wakataka kwenda huko, au basi mahali pa mfano wake.

Nauli ya safari hiyo haikuwa katika uwezo wetu, na hatukuwaficha. Aliyetutoa katika mjadala ni bibi yao mzaa mama, anayeishi nasi Mombasa. Yeye ni Mkamba wa Kitui, Muislamu wa kuzaliwa, aliyeletwa pwani kwa ndoa akiwa binti mdogo. Aliwaambia wajukuu wake kwamba kwao pia ziko njia za maji, tena ni ndefu kuliko za Ulaya, ila zimefunikwa, na mwenye kutaka kuziona sharti ainame. Watoto walicheka wakidhani ni kitendawili.

Sisi hatukucheka, kwa sababu mbili. Kwanza, bibi amekwisha kupita miaka 70 na magoti yake hayamsaidii. Alipotaja Kitui siku ile, tulijua kwamba akichelewa kidogo hataweza tena safari hiyo. Pili, kifungua mimba wetu, binti wa miaka 10, alikuwa ameanza kumwonea haya. Wenzake humwigiza bibi lafudhi yake, na neno "Mkamba" mitaani kwetu wakati mwingine husemwa kwa namna isiyokuwa na heshima. Binti alikuwa amefikia kumwomba bibi asimfuate hadi lango la shule. Tulimwonya, lakini onyo halikumfika moyoni. Tukaona heri akaone kwa macho yake alikotoka mtu yule, na huenda huko akapata lile ambalo maneno yetu hayakuweza kumpa.

Basi mwezi wa Agosti tukashika njia. Tulipanda treni ya Madaraka iliyoanza kazi 2017, ile inayosimama katika vituo vya njiani, tukashuka Kibwezi katika Kaunti ya Makueni. Kwa wazazi wenye watoto wadogo tunaisifu safari hii. Mtoto husimama akanyoosha miguu, choo kipo, na katika nyika ya Tsavo hukaa dirishani akihesabu ndovu waliogeuka wekundu kwa vumbi. Reli ya zamani hupita jirani. Ilianza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Nairobi 1899, na tabu yake kubwa katika nyika hii ilikuwa maji, kwani injini za mvuke hunywa maji kama ngamia, na wafanyakazi kwa maelfu nao walihitaji ya kunywa. Ndiyo maana ukitazama vituo vya kale utaona kwamba miji haikukua popote tu. Mingi ilikua pale palipokuwa na maji.

Baada ya Mtito Andei, mkono wa kushoto, huonekana vilima vya Chyulu, kijani na laini. Hapa tulianza somo letu. Vilima hivi ni vya volkano, na mawe yake yana vitundu kama mkate wa kumimina. Mvua ikinyesha juu haitiririki wala haifanyi mto, bali huzama yote. Hupita chini ya ardhi, ikichujwa na mawe, kisha huibuka mbali kama chemchemi: Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, Umani karibu na Kibwezi, na nyingine upande wa Makindu na Kiboko. Kutoka Mzima limetandazwa bomba la zaidi ya kilomita 200 mpaka Mombasa. Tulipowaambia watoto kwamba sehemu ya maji yanayotoka, au yasiyotoka, katika mfereji wa jikoni kwetu ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vile, kitinda mimba akauliza kama vilima vinajua kuwa sisi tunakunywa. Hatukuwa na jibu.

Kibwezi ndiko watoto walikoona mifereji ya wazi kwa mara ya kwanza. Maji ya chemchemi huongozwa kwa mitaro midogo hadi mashambani, ambako hupandwa mahindi, vitunguu, bamia, biringanya na karela. Juu kila kitu kimekauka na miiba imejaa vumbi, lakini kando ya mtaro pana kivuli, vyura na harufu ya udongo uliolowa. Watoto walitengeneza mashua kwa majani ya mgomba wakazishindanisha. Mwenye shamba, mzee mpole, aliwaacha wacheze, kisha akawaonyesha jinsi mlango wa mtaro unavyozibwa kwa magunia ya mchanga na kufunguliwa kwa zamu. Kila shamba lina saa zake. Anayefungua nje ya saa zake huitwa mbele ya kikao cha wenzake. Mtoto wetu wa kati alitaka kujua ni nani mwenye maji yale. Mzee alijibu kwamba maji ni ya Mungu, lakini zamu ni ya mtu, na kuchukua zamu ya mtu ni kuchukua chakula chake. Tulilikumbuka jibu hilo baadaye, kwani katika mtaa wetu wako watu wenye pampu za kuvuta maji ya bomba usiku, na majirani wa mwisho wa njia huamkia mitungi mitupu.

Siku ya pili tulikwenda Makindu. Jina hili lilimfurahisha bibi kuliko sote, kwa kuwa ni mti anaoujua vyema kila mwanamke wa pwani: mkindu, mtende wa mwituni unaoota penye majimaji. Ukindu wake ndio tunaosukia mikeka ya kuswalia. Bibi aliwaambia watoto kuwa mswala wanaoulalia kivivu kila Ijumaa ulianza kama jani kando ya maji kama haya. Makindu pia ndipo lilipo hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, kumbukumbu ya mafundi waliotoka Bara Hindi kuja kuijenga reli. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupewa hapo chakula kisicho na nyama bila ya malipo. Tulivua viatu, tukafunika vichwa kama ilivyo adabu ya mahali, tukala dengu na chapati, kisha tukaenda kuswali katika msikiti wa mji. Tulitaka watoto waone kwamba kumkirimu mpita njia katika nchi kavu hakumtoi mtu katika imani yake.

Kutoka Kibwezi tulikodi gari kwa barabara ya lami inayopitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui. Njiani mnavuka mto Athi, mpaka wa Makueni na Kitui. Tuliteremka tukausimamia. Mto huu hutoka nyanda za juu karibu na Nairobi, ukibeba pia uchafu wa jiji hilo. Mbele ukiungana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, ukaingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Watoto wetu wamepata kuogelea Malindi wakati wa mvua wakalalamika kuwa bahari imekuwa kama chai ya maziwa. Udongo ule ni wa huku, umesombwa kutoka mashamba ya watu. Na huko Baricho, kando ya Sabaki, visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto huo hupeleka maji Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Binti yetu mkubwa alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe tunakunywa Ukambani." Bibi yake alimtazama, asiseme neno.

Kitui ni mji wa kale kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kabla ya reli, Wakamba ndio waliokuwa wafanyabiashara wakubwa wa njia hii. Misafara yao ilishuka na pembe za ndovu hadi Mombasa, ikapanda na nguo, shanga na chumvi. Mashuhuri kati yao alikuwa Kivui wa Mwenda, na kwake ndiko alikofikia mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf aliuona mlima wenye theluji, na jina aliloliandika kama alivyolisikia kwa Wakamba ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yetu. Kwa njia hizo hizo Waswahili nao walipanda bara. Wengine walitua Kitui, wakaoa, wakasomesha Qur'ani, na vizazi vyao viko mpaka leo. Sisi tulipokwenda sokoni tukasikia Kiswahili cha wazee wenye kofia za vito, kimechanganyika na Kikamba vizuri kabisa. Pale pojo ziliuzwa kwa debe, na vyondo vya katani vilining'inia mlangoni mwa kila duka. Bibi aliuliza jamaa zake mmoja mmoja. Wengi aliowataja walikuwa wamekwisha kwenda mbele ya haki.

Kijiji alichozaliwa ni mwendo wa saa moja kutoka mjini. Tulipokewa na mpwa wake. Nyumba yao ina Waislamu na Wakristo, na kwa hishima yetu walitukabidhi kuku akiwa hai pamoja na kisu, tuchinje wenyewe, kisha wakapika muthokoi wa mahindi na kunde katika chungu tofauti. Jioni watoto wa nyumba hiyo na wetu walishindana maneno. Mvua, kwa Kikamba, ni mbua. Mti ni muti. Nyumba ni nyumba. Binti yetu aliyekuwa akidhani Kikamba ni kelele aligundua kuwa nusu yake anaijua.

Asubuhi tukaenda mtoni. Hapo watoto walisikitika, kwani mto wenyewe ulikuwa barabara pana ya mchanga mweupe, hauna hata tone, na punda walipita katikati yake. Kitinda mimba alisema bibi ametudanganya. Bibi alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, akaomba kata na jembe dogo. Kisha akamwita mkubwa. Alimwonyesha pa kuchimba: si katikati, bali penye kona, mahali ambapo mchanga ni mzito na majani ya kingo yangali mabichi. Binti alichimba. Urefu wa mkono wake ulipoingia, mchanga ukabadilika rangi. Akachimba tena, na chini ya shimo likakusanyika jicho la maji, tope kwanza, kisha likatakata lenyewe.

Hii ndiyo siri ya mito ya Kitui. Mvua zao ni chache na za ghafla. Mto hujaa kwa saa kadhaa kisha huonekana kufa, lakini maji hubaki kati ya chembe za mchanga, ambako jua haliyafikii wala mbu hawazai. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, vikundi kama Utooni upande wa Machakos na Makueni, na baadaye shirika la SASOL huko Kitui, vimeshirikiana na wanavijiji kujenga kuta za mawe na saruji kukatisha mito hiyo, zikikitwa juu ya mwamba. Mafuriko yakija, udongo mwepesi hupita juu ya ukuta, mchanga mzito hutua nyuma yake. Baada ya misimu kadhaa pana bwawa lililojaa mchanga, na mchanga umejaa maji. Kazi hufanywa kwa mwethya, ule ushirika wa Kikamba ambao kila nyumba hutoa mikono yake. Tulionyeshwa ukuta mmoja wa namna hiyo kilomita moja juu ya pale tulipochimba. Wanawake wa kijiji walisema kabla ya ukuta walikuwa wakitoka alfajiri na kurudi adhuhuri kwa mtungi mmoja. Bibi alisema katika utoto wake ilikuwa vivyo hivyo, na kwamba katika kiangazi kikali shimo lilikuwa refu kiasi cha kumshusha mtoto ndani na kupokea kata kutoka mkononi mwake. Mtoto aliyekuwa akishushwa alikuwa yeye, kwa sababu alikuwa mwembamba. Mara moja kingo ziliporomoka, akafukiwa mpaka kifuani, mama yake akamfukua kwa mikono. Hakuwa amepata kutuhadithia kisa hicho. Alikisimulia kwa sauti ya kawaida, akiwa amemkamata mjukuu wake bega ili asikaribie mno shimo alilolichimba.

Adhuhuri iliingia tukiwa pale pale. Mtoto wa kati, aliyekuwa amesomeshwa tayamamu madrasani, alifurahi kuona mchanga mwingi safi akadhani siku yake imefika. Bibi alimwambia hapana: maji tumeyapata, hata kama ni machache na yametutoa jasho, basi tutatawadha. Akatugawia kata moja kila mtu. Tulitosheka, na yakabaki. Sote tumefunzwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza israfu ya maji katika udhu hata mtu akiwa kando ya mto unaotiririka. Lakini ni jambo moja kulisoma, na jingine kutia udhu kwa maji uliyoyasubiri yajikusanye huku ukiyatazama. Tuliswali qasri juu ya mchanga, bibi akiwa amekaa juu ya jiwe lake. Shimo tukalizungushia matawi ya miiba kama ilivyo desturi, mbuzi wasilichafue, wakaja wengine wakalitumia.

Kwa wazazi watakaopenda kwenda, tunausia machache. Msiingie katika mto wa mchanga iwapo kuna mawingu mazito upande wa juu, hata kama mlipo ni jua kali. Mafuriko hufika bila ya kubisha hodi. Maji ya shimoni ni ya kutawadhia na kuoshea, na ya kunywa yachemsheni. Kila mtoto na abebe chupa yake, ajifunze kuipima mpaka jioni. Chukueni tende na mahamri ya njiani, kofia, na nguo nyepesi zenye mikono mirefu, kwani miiba ya huko haina huruma. Kisima chochote mtakachokikuta kina mwenyewe, basi ombeni ruhusa kwanza. Na mkiwa na mzee, mwacheni yeye apange mwendo.

Hatutasema kwamba binti yetu amerudi mtu mwingine. Mtoto ni mtoto, na mitaa yetu ni ile ile. Lakini sasa humfunga bibi viatu vyake asubuhi, na shule zilipofunguliwa ni bibi aliyemsindikiza hadi langoni. Ndugu zake hubishana juu ya nani kaacha mfereji wazi, na neno "zamu" limekuwa likitajwa nyumbani mpaka kwenye maembe. Bibi naye amesema magoti yake hayatamrudisha tena Kitui. Alisema hivyo bila ya huzuni, kwa kuwa ameonyesha alichotaka kuonyesha.

Katika nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Kwale yumo mzee ambaye mto wake wa utotoni uko mbali, naye huacha kuutaja kwa kuona hakuna anayeuliza. Likizo ya Desemba si mbali. Muulizeni alikuwa akiteka maji wapi, na mkiweza, mpelekeni pamoja na watoto kabla miguu yake haijachoka. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya, na atujaalie mvua zenye manufaa, huko juu na huku kwetu. Amin.